Wazo Moja, Mawazo Mengi

Kiswahili kina utani wake. Mtu akisema "nina wazo," tunakaa vizuri kumsikiliza. Mtu huyo huyo akisema "nina mawazo," tunampa pole. Neno ni moja, tofauti ni umoja na wingi tu. Wazo likiwa moja ni mali: linaletwa kikaoni, linaandikwa ubaoni, linapigiwa makofi. Yakiwa mengi yanakuwa maradhi. Pita mtaani bila kusalimia watu, nyuma yako utasikia, "Mwacheni huyo, ana mawazo." Hakuna atakayedhani kwamba umebeba kichwani suluhisho la shida ya maji ya mtaa.

Mimi natoka kwenye ukoo wa wenye mawazo. Baba alikuwa akishika tama barazani baada ya chakula cha usiku, redio imezimwa, na sisi watoto tulijua kwamba huo si muda wa kuomba hela ya daftari. Mdogo wangu wa kiume amerithi baraza. Mimi nimerithi kuamka saa nane usiku. Kwa hiyo swali ninalolileta hapa nimekua nalo nyumbani: hivi mtu anayeliwaza tatizo lake usiku na mchana, kwa nini si yeye wa kwanza kulitatua? Kwa hesabu ya kawaida angetakiwa kuwa bingwa. Fundi akishinda na cherehani wiki nzima, Jumamosi kuna nguo. Anayeshinda na tatizo wiki nzima, Jumamosi ana nini?

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Sizungumzii kufikiri, wala kutafakari. Nazungumzia kule kuwaza na kuwazua, jambo lile lile kwa maneno yale yale, ukifika mwisho unaanza upya. Wanasaikolojia wanaoandika kwa Kiingereza walikwenda kuliazimia jina zizini: neno lao maana yake ya asili ni kucheua, kama ng'ombe aliyelala kivulini akitafuna tena majani aliyoyameza asubuhi. Mfano mzuri, ila ng'ombe kaonewa. Ng'ombe akicheua humeza, chakula kikasonga mbele, kesho kuna maziwa. Anayecheua mawazo hamezi. Watu wa pwani wana msemo unaomfaa zaidi: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka chomboni nyuma na mbele utakavyo, utarudi pale pale.

Mdogo wangu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Morogoro. Miaka mitatu lilikwenda vizuri. Halafu mambo yakafuatana. Barabara iliyopita mbele ya duka ikafungwa kwa matengenezo, wateja wakazoea kwingine. Akachukua mkopo aongeze mzigo, mzigo ukakaa. Akachukua mwingine alipe wa kwanza, ule wa aina ambayo mtaani tunauita kausha damu, na jina hilo halikuokotwa tu.

Jioni alikuwa akija kwangu, anakaa barazani, anasimulia. Na alikuwa hodari wa kusimulia, jamani. Alijua tarehe barabara ilipofungwa. Alijua nani alimshauri kukopa, na alisema maneno gani, na alikuwa amevaa nini. Alijua angekuwa wapi leo kama zile hela angenunulia kiwanja. Alikuwa na maelezo kamili kwa nini watu wa ukoo wetu hawafaulu biashara, kuanzia babu. Kila usiku maelezo yalizidi kunyooka, kama muswada unaohaririwa. Lakini ukimuuliza, "Sasa kesho unafanya nini?" alikutazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

Watu walimwambia kile ambacho watu husema: usiwaze sana, utazeeka, Mungu yupo. Kumwambia mwenye mawazo asiwaze ni kama kumwambia mwenye kikohozi asikohoe.

Shida ya hali ile ni kwamba inafanana sana na kazi. Alichoka kweli kweli. Alikonda, macho yakawa mekundu, hata chai ilimpoa mkononi. Ukimwona ungesema huyu yuko katikati ya shughuli kubwa. Kisha siku moja mke wake aliniita jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku alimsikia akisema peke yake kwamba wangekuwa na nafuu bila yeye. Kuanzia siku ile hatukuliita tena jambo la biashara.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuichunguza tabia hii. Mwaka 1995 yeye na Sonja Lyubomirsky walichapisha majaribio yao na wanafunzi wa chuo, baadhi wakiwa na huzuni, wengine hawana. Kundi moja lilipewa dakika 8 za kujiwazia: hisia zao, kwa nini wako walivyo, maana ya hali yao ni nini. Kundi jingine kwa dakika 8 hizo hizo likapewa vitu vya nje vya kuwaza, kama mawingu yanavyojikusanya angani au sura ya yule mama kwenye mchoro wa Mona Lisa. Baada ya hapo wote wakapewa matatizo ya maisha ya kawaida, tuseme rafiki anayeanza kukukwepa, waeleze wangeyatatua vipi.

Wenye huzuni waliojiwazia walileta majibu dhaifu kuliko wengine. Wenye huzuni waliowaza mawingu walifanya vizuri kama wale ambao hawakuwa na huzuni kabisa. Na wasio na huzuni waliojiwazia hawakuharibikiwa na kitu.

Niliposoma hapo nilisimama nikasoma tena. Maana yake ni kwamba uwezo wa kutatua ulikuwepo kichwani muda wote. Huzuni peke yake haikuuondoa, na kujiwazia peke yake hakukuuondoa. Vikikutana hivyo viwili ndipo uwezo unapojificha, na zilitosha dakika 8. Mdogo wangu alikuwa na miezi mitano.

Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti hao hao walikuwa wameonyesha jambo jingine linaloeleza kwa nini mtu haachi: wenye huzuni wanaojiwazia huhisi kwamba wanajielewa zaidi, kwamba wanapata mwanga. Mtu anayeamini anachimba kisima hawezi kuweka jembe chini, hata kama ni siku ya arobaini na udongo bado mkavu. Ataona bado kidogo tu.

Halafu mwaka 2005 Edward Watkins na Michelle Moulds wakaligusa jambo kwa upande mwingine. Walifanya kazi na watu wenye ugonjwa wa sonona, na wote waliambiwa wajifikirie wenyewe. Ila baadhi walielekezwa wachambue sababu na maana ya hali yao, na wengine waielekeze akili kwenye kile hasa wanachokipitia, kwa udhahiri wake. Hawa wa pili walitatua matatizo vizuri zaidi. Kwa hiyo hata kujifikiria siyo kosa. Linategemea swali unalojiuliza. "Kwa nini mimi?" ni mlango mmoja, "nini hasa, na vipi?" ni mlango mwingine.

Shangazi yetu hajasoma hata ukurasa mmoja wa hayo. Aliishia darasa la saba, na kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akikaanga na kuuza samaki Tanga. Mke wa mdogo wangu ndiye aliyempigia. Akafika Ijumaa jioni na basi, na ndoo yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Anamwita baba kwa sababu amebeba jina la babu yetu, yaani baba yake mzazi. Walikula kwanza. Shangazi hazungumzi jambo na mtu mwenye njaa. Vyombo vilipotolewa akasema, "Haya, niambie."

Mdogo wangu akaanza barabarani, kama kawaida yake. Shangazi akamwacha. Akamsikiliza kwa muda mrefu kuliko ambavyo sisi tulikuwa tunaweza tena kumsikiliza, akiitikia "ehe" na "pole baba." Alipofika kwa babu na laana ya biashara, shangazi akaomba daftari la mtoto na kalamu.

"Unadaiwa na nani?"

"Shangazi, madeni yamenizidi."

"Nimesikia, baba. Na nani?"

"Watu ni wengi."

"Wa kwanza anaitwa nani?"

Wa kwanza ilikuwa ile kampuni ya mikopo, 1,900,000. Wa pili kikundi chao cha kuweka na kukopa, 800,000. Wa tatu mfanyabiashara wa jumla Kariakoo aliyempa vipuri kwa mali kauli, 950,000. Wa nne mwenye fremu, kodi ya miezi minne kwa 80,000, jumla 320,000. Wa tano shemeji yake, 210,000. Shangazi haandiki haraka. Kila jina lilichukua muda wake, na kila mara mdogo wangu aliporuka kwenda kwenye "kwa nini," alimnyanyulia kalamu: "Hilo la kwa nini liweke, tutaliongea Idi. Hapa ngapi?"

Akapiga mstari chini, akajumlisha. 4,180,000.

Siku zote alikuwa akituambia ni "kama milioni tatu hivi." Nilimtazama nikidhani sasa ndiyo anavunjika. Akashusha pumzi. Deni lilikuwa kubwa kuliko alivyokuwa akisema, na usiku ule alilala mpaka saa moja asubuhi, kitu ambacho mke wake alikuwa hajakiona tangu masika. Nadhani ni ule mstari. Mawazo hayana mstari wa chini. Milioni tatu ya kichwani ilikuwa inakua kila saa nane usiku, na milioni nne ya daftarini ilikaa pale ilipoandikwa.

Kesho yake shangazi akauliza, "Katika hawa watano, yupi ukimwendea Jumatatu hatakung'ata?"

"Labda wa Kariakoo."

"Utamwambia nini?"

"Nimwambie sina hela."

"Hilo analijua. Utamwambia nini?"

Wakakaa asubuhi nzima kulitafuta hilo la kumwambia. Shangazi akajifanya mfanyabiashara wa Kariakoo, tena mkali, mpaka watoto wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Jumatatu akaenda. Yule bwana akakubali kurudishiwa mzigo ambao haujafunguliwa, na deni likapungua karibu nusu. Jumatano shangazi akampeleka hospitali, akaketi naye mpaka akaonana na daktari, kwa sababu mke alikuwa ameshamweleza yale maneno ya usiku, na shangazi hakuyachukulia kama maneno.

Sitaki kuipamba habari hii. Kampuni ya mikopo haikusamehe hata shilingi. Pikipiki yake mwenyewe iliuzwa. Duka lilifungwa. Leo ni fundi kwenye gereji ya mtu mwingine, na ilimchukua miezi 14 kumaliza kulipa. Na bado anashika tama. Ila sasa kuna daftari dirishani.

Nilipokuja kusoma habari za Zimbabwe nilimwona shangazi kila ukurasa. Kishona kina neno la hali hii, kufungisisa. Kwao kufunga ni kufikiri, na mwisho ule wa neno unazidisha: kufikiri kupita kiasi. Sisi Waswahili tukilisikia tunadhani ni kufunga kabisa, kwa komeo na kufuli, na sidhani kama tunakuwa tumepotea sana. Watu waliokwenda kliniki Harare walilitaja neno hilo hilo kuwa ndilo linalowaumwa.

Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amesimulia mara nyingi jinsi mgonjwa wake mmoja alivyojiua kwa kuwa familia haikuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Madaktari wa fani yake nchini walikuwa wachache mno. Mwaka 2006 akaanza Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapo Harare, akiwa na bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, na benchi la mbao lililowekwa nje ya kliniki, chini ya mti. Mwanzo liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wamelikalia. Bibi wenyewe ndio waliosaidia kulibadili likaitwa Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri.

Kazi ya benchini ina hatua, na ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Bibi anasikiliza, matatizo yanatajwa yote, linachaguliwa moja, wanatafuta pamoja hatua moja ndogo inayowezekana, kisha mtu anakwenda kuijaribu na kurudi kusema ilikuwaje. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare, likiwa na watu 573, lilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshavuka mipaka, na Zanzibar limefika.

Hapo nikagundua kwamba wingi wa Kiswahili una njia yake ya kutokea. "Ana mawazo" ni ugonjwa, lakini "wamepeana mawazo" ni heri. Ni yale yale, kwa wingi ule ule. Kinachoyaponya ni hicho kitenzi cha katikati, na kitenzi hicho hakifanyiki na mtu mmoja.

Sisi wapenda fasihi tuna kesi yetu hapa, kwa sababu mwenye mawazo ndiye tunayempenda vitabuni. Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichwamaji mwaka 1974, na wengi wetu tulikutana na Kazimoto tukiwa vijana tukamwona ndugu yetu. Msomi wa Chuo Kikuu, anayeuliza maisha ni nini na yana maana gani. Nilimsoma nikiwa na miaka 19 nikaona huyu ndiye mtu pekee mwenye akili humo ndani. Nimemsoma tena mwaka jana, baada ya yale ya Morogoro, na safari hii nilikuwa namtafutia shangazi. Nilitamani mtu aingie kwenye ukurasa na daftari, amuulize swali dogo, la bei au la siku. Kama umekisoma unajua anavyoishia. Kezilahabi alijua alichokuwa anafanya, na riwaya haina wajibu wa kumwokoa mhusika wake. Ila maswali ya Kazimoto yanayompendeza msomaji ni yale yale yanayomfungia mlango, na ni vizuri msomaji ajue anapendezwa na nini.

Utaniambia kwamba hata mwandishi hucheua. Kweli. Anairudia sentensi moja mara kumi. Lakini anairudia akiwa ameiandika, na ikishakuwa nje ya kichwa unaweza kuikata. Daftari la shangazi lilifanya kazi hiyo hiyo.

Na mipaka ipo. Kwanza, mdogo wangu hakufilisika kwa sababu ya kuwaza. Alifilisika kwa sababu barabara ilifungwa na riba ilikuwa ya kukausha damu, na hakuna swali zuri linaloweza kuwa badala ya mkopo wa haki. Pili, kuna mambo yasiyo na hatua ya Jumatatu. Mimi nikiamka saa nane usiku siku hizi, mara nyingi ni baba. Amefariki, na hakuna kwa nini wala vipi itakayomrudisha barazani. Nilijaribu kuuliza swali la shangazi, "nini hasa?" na jibu lilikuwa fupi: namkumbuka. Basi. Huko si kuwaza tatizo, ni kuomboleza, na kuomboleza hakutatuliwi. Usiku wa namna hiyo huwa natoka uani natazama mawingu, kama wale wanafunzi.

Wazee walisema yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Tumezoea kuitumia methali hii kumnyamazisha mtu. Ila sikiliza kitenzi chake: ganga. Haikusema sahau, wala haikusema usiwaze. Imetoa kazi ya mikono.

Kwa hiyo ukiwa na mtu wa baraza nyumbani kwako, usimwambie aache mawazo. Mpe chakula. Msikilize mpaka amalize mzunguko wake angalau mara moja. Kisha tafuta kalamu, umuulize wa kwanza anaitwa nani. Na akisema neno lolote linalofanana na lile ambalo mke wa mdogo wangu alilisikia usiku, usingoje Jumatatu. Mshike mkono, mwende hospitali siku ile ile.